Mkono Ulioigeuza Picha

"Kwa hiyo baba yako ndiye mshenzi, na wewe ndiye malaika?" Bożena aliuliza, upawa mkononi, mgongo kaupa jiko. "Nijibu, Jagoda. Kule mezani ulikuwa na maneno tele."

"Mama, punguza sauti."

"Nipunguze nini? Kuta za ghorofa hii ni karatasi, jirani wa chini hujua baba yako akipiga chafya. Acha asikie! Asikie kwamba nina binti msomi, anayetembeza wageni Krakow nzima akiwafundisha historia, kisha anarudi nyumbani kumtemea baba yake mate mbele ya mgeni."

"Sikumtemea mate."

"Mate yangefutika."

Jagoda aliegemea jokofu. Sahani nne za supu ya kuku zilikuwa zimerudi kutoka mezani karibu kama zilivyokwenda, tambi zimevimba, mafuta yameanza kuganda juu. Machozi yalikuwa karibu, lakini aliyazuia. Alijua akilia mama yake atazidi.

"Nilibabaika," akasema. "Ezequiel aliniangalia, mama. Hukuona alivyoniangalia."

"Nimeona. Na uso wa baba yako nimeuona pia. Wewe ndiye uliyekuwa na haraka ya kuona mmoja tu."

Ugomvi wote ulianza na picha. Ilikuwa picha ndogo ya rangi, kwenye fremu ya dhahabu ya bandia, iliyotundikwa koridoni juu ya rafu ya viatu: mzee wa Kiyahudi mwenye ndevu nyeupe na kofia nyeusi, ameinamia meza, anahesabu sarafu. Nyumba nyingi za Krakow zinayo. Watu huinunua kama hirizi, wakaitundika mlangoni ilete riziki. Ikifika Jumamosi huigeuza kichwa chini, ili sarafu alizokusanya mzee wiki nzima zidondokee ndani ya nyumba. Hakuna anayeuliza kwa nini. Mtu huigeuza kama anavyofunga bomba la maji, akaenda zake.

Na leo ilikuwa Jumamosi.

Bożena alikuwa amejiandaa kwa mgeni huyu kuliko alivyojiandaa kwa Pasaka. Alisikia Wayahudi hawali nguruwe, basi akanunua kuku, akasugua masufuria kwa majivu na ndimu, na soseji zote akazifungia kwenye ndoo huko roshani. Bure tu, maana Ezequiel Fiszman alizaliwa Buenos Aires, na kwao hula chochote kinachochomeka. Lakini nia ilikuwa njema. Mama wa watu aliwaza soseji, hakuwaza ukuta.

Mgeni alivua viatu mlangoni, akapewa sapatu za baba mwenye nyumba, akapita koridoni akimtazama Jagoda peke yake. Walikuwa wameanza supu alipoomba kwenda kunawa mikono. Aliporudi hakuketi.

"Samahanini," alisema kwa Kipolandi chake cha kizamani, alichofundishwa na bibi yake aliyemlea. "Yule mzee wa pale mlangoni, mbona ananing'inia kichwa chini?"

Mietek, baba yake Jagoda, dereva wa tramu mstaafu, mtu anayependa kueleza mambo, alifurahi kuulizwa. "Aa, yule! Leo ni Jumamosi, kijana. Tunamtikisa kidogo pesa zidondoke!" Akacheka. Alicheka peke yake.

Ezequiel alimgeukia Jagoda. Hakuwa na hasira bado. Macho yake yalikuwa yanauliza, kama mtu aliyeshika kamba anayetaka kujua kama upande wa pili kuna mtu. Na hapo ndipo Jagoda alipofungua kinywa.

"Baba! Nimekwambia mara ngapi uiondoe hiyo takataka? Huoni haya? Leo hii unaigeuza, siku niliyompeleka kule Auschwitz?"

Mietek alikuwa na kijiko njiani kuelekea mdomoni. Alimtazama binti yake kwa muda, kisha akakirudisha kijiko sahanini bila kukigonga.

"Kweli," akasema. "Nilisahau."

"Mzee," Ezequiel alimwambia, "babake bibi yangu alikuwa na ndevu kama zile. Asubuhi nimetafuta jina lake kwenye masanduku ya safari ya waliouawa. Na wewe unacheka. Wewe ni mtu usiye na haya." Akatoka, akashuka ngazi, na sapatu za watu miguuni.

"Sasa niambie," Bożena aliendelea pale jikoni, na safari hii sauti aliishusha mwenyewe, ikawa mbaya zaidi. "Baba yako bega lake la kulia halipandi juu ya kifua tangu majira ya baridi. Mimi nilikuwa kitandani. Lakini nilisikia alfajiri. Fremu iligonga ukuta, kisha mlango ukafungwa, kisha ngazi, mbio, mbio. Nani alikuwa anashuka?"

Jagoda aligeukia sahani za supu.

"Nani aliigeuza picha, Jagoda?"

"Mimi."

"Haya. Umelisema kwangu. Mimi sihusiki."

Hakuna uchungu kama wa mtu aliyejificha nyuma ya mgongo wa mwenziwe, akagundua nguo zake bado zinaonekana. Jagoda alijaribu kukumbuka asubuhi ile akashindwa. Alikumbuka mswaki, kitambaa cha shingoni alichokichagua kwa sababu Ezequiel alikisifu, na ujumbe wake kwenye simu: niko chini, bibie. Picha hakuikumbuka. Mkono wake ulikuwa umepita pale ukafanya kazi yake ya kila Jumamosi, na yeye akashuka kumkimbilia mpenzi.

Kibaya zaidi, huko mjini yeye ndiye aliyekuwa hodari. Wageni wakimwonyesha vinyago vya Wayahudi wenye sarafu kwenye vibanda vya soko kuu, alikuwa akishusha sauti na kuwaambia kwamba hilo ni jambo la kutia aibu, kuchezea sura za watu waliokuwa robo ya mji huu na sasa hawapo. Wageni walikuwa wakitikisa vichwa, na wengine wakimshukuru. Naye jioni alirudi nyumbani, akavulia viatu chini ya fremu ya dhahabu, na hakuona kitu.

Ezequiel naye alimpata kwenye kazi hiyo hiyo. Alikuja na kundi mwanzoni mwa Mei, akakaa nyuma kabisa, akauliza swali moja kule Kazimierz, mtaa wa zamani wa Wayahudi, kwa Kipolandi ambacho Jagoda hakuwahi kukisikia ila kwenye filamu za zamani. Kundi likaondoka, yeye akabaki. Alisema anatafuta nyumba ya bibi yake. Baada ya wiki mbili aliipata, lakini bado hakuondoka, na wote wawili wakaacha kusingizia nyumba.

Leo asubuhi walikwenda Oświęcim, kwenye kambi ya Auschwitz, wawili tu. Jagoda aliwahi kufika huko na makundi mara nyingi, lakini hakuwahi kwenda akiwa ameshikwa mkono. Mbele ya kioo cha masanduku, yale yenye majina yaliyoandikwa kwa rangi nyeupe na wenyewe wakidhani watayafuata baadaye, Ezequiel alisoma kila jina aliloweza kulifikia kwa macho. Hakulipata alilolitaka. Akaushika mkono wa Jagoda kwa nguvu mpaka ukauma, akasema, "Asante kwa kuwa mtu anayeona."

Ulikuwa mkono wa kulia, ule ule wa picha.

"Nikimwambia ataondoka," Jagoda alisema sasa.

"Aondoke. Bora kuachwa kwa unalolifanya kuliko kupendwa kwa usilolifanya." Bożena aligeukia jiko, akaanza kurudisha supu sufuriani, sahani moja baada ya nyingine. "Na nisikufiche, mimi sikumtaka. Si kwa Uyahudi wake. Kwa Argentina! Hata ndege inafika kule imechoka. Lakini kutomtaka na kumdanganya ni vitu viwili."

Koridoni, Mietek alikuwa amekwisha kuishusha picha na kuiegemeza ukutani, uso ukiangalia chini. Alikuwa anahangaika na msumari, koleo mkono wa kushoto, jasho linamtoka.

"Baba, acha. Nipe mimi."

"Na msumari nauondoa. Ukibaki, mtu atatundika kingine."

"Baba, kwa nini ulisema umesahau?"

"Ningesema nini?"

"Kwamba ni mimi."

Mietek aliliacha koleo likining'inia pale kwenye msumari. "Binti yangu analeta mtu nyumbani kwa mara ya kwanza, mtu anayemwangalia namna ile, halafu mimi nimvunjie?" Akapangusa paji la uso. "Sikiliza. Mimi ni mzee. Aibu kwangu ni kama hili bega, nitalalia upande mwingine. Wewe bado una safari. Mwache anichukie mimi. Argentina ni mbali, hataweza kunichukia kila siku."

Jagoda alitaka kucheka, kikamtoka kilio. "Na harusini?"

"Mtanitumia picha," Mietek alisema, kisha neno lenyewe likamkaba. Akarudi kwenye msumari wake.

Ezequiel alikuwa kwenye benchi chini ya ghorofa, karibu na mchanga wanaochezea watoto. Sapatu za Mietek, za vitambaa vya mirabamiraba, zilikuwa ndogo kwake, na visigino vimebaki nje. Alipomwona Jagoda alisimama, kama alivyofundishwa na bibi yake kusimama mwanamke anapokuja.

"Bibie," akasema, "amepita mama mmoja na mbwa wake. Wote wawili wameniangalia kana kwamba nimetoroka hospitali."

Siku nyingine wangecheka mpaka wakashikana. Jagoda aliketi. Ezequiel naye aliketi, akauchukua mkono wake, akauweka pajani pake, akaufunika.

"Nimeongea na mama yangu."

"Sasa hivi?"

"Kwao bado ni asubuhi. Nimemwambia nimempata niliyekuwa namtafuta. Nikamweleza ulichokifanya mezani. Akalia."

"Ulimweleza nini hasa?" Jagoda aliuliza.

"Nilichokiona. Kwamba ulimkabili baba yako mwenyewe, mezani pake, mbele ya mkewe, kwa ajili ya mtu aliyekufa ambaye humjui." Alimgeukia. Macho yake yalikuwa mekundu bado tangu asubuhi, lakini sasa yalikuwa na mwanga ambao Jagoda aliutamani tangu Mei, mwanga wa mtu aliyekwisha kuamua. "Unajua bibi yangu alikuwa hawalaani waliompiga? Wale, alisema, aliwatarajia. Walioushinda moyo wake ni majirani waliojua kweli wakanyamaza ili wasipungukiwe. Aliniambia, Eze, ukifika kule ukampata hata mmoja anayesema kweli inayomuuma mwenyewe, muoe siku hiyo hiyo, kabla hajabadilika."

"Eze..."

"Ngoja nimalize, nisije nikaishiwa na ushujaa. Njoo nami Buenos Aires. Si mwakani. Jumanne. Kazi utapata, lugha utajifunza, mama yangu atakuchosha kwa chakula. Nakupenda, Jagoda. Nilikupenda kabla ya leo, lakini kabla ya leo nilikuwa na hofu."

Harufu ya jasmini ilitoka kwenye ua wa jirani. Mahali fulani redio ilikuwa inaimba. Kila kitu Jagoda alichowahi kukiomba kwa siri, usiku, uso kwenye mto, kilikuwa kimekaa kwenye benchi hili kikimngoja aseme ndiyo.

"Kuna jambo moja," Ezequiel alisema. "Sikufichi. Mama yako karibu, wakati wowote. Lakini baba yako siwezi kumpa mkono. Harusini asije. Pengine baadaye nitalainika, sijui. Utaweza kuishi na hilo?"

Neno moja tu lilihitajika. Tena baba mwenyewe alikwisha kumruhusu. Angesema naweza, na Jumanne angepanda ndege, na Mietek angeketi kwenye kiti chake mbele ya televisheni akiwaambia majirani kwamba Buenos Aires kuna tramu pia, au zilikuwapo zamani. Angekufa na siri hiyo. Na Ezequiel angemshika mkono huu kila usiku, akaubusu, akauita mkono wa mtu anayeona.

"Siwezi," Jagoda alisema.

"Ni baba yako. Naelewa."

"Hapana. Hujaelewa. Si yeye." Aliutoa mkono wake kutoka chini ya mkono wa mpenziwe, kwa sababu hakuweza kulisema akiwa ameshikwa. "Ni mimi niliyeigeuza."

Ezequiel hakuonekana kusikia. "Uligeuza nini?"

"Picha. Baba bega lake ni bovu, hawezi hata kuvaa koti bila mama. Ni mimi."

"Lini?"

"Leo."

"Leo, asubuhi ya leo?"

"Nikiwa natoka. Wewe ulikuwa chini unaningoja. Niliigeuza, nikashuka, nikakubusu."

Watoto walikuwa wanagombania ndoo. Ezequiel aliwaangalia kama mtu anayetaka kujua nani ataipata.

"Kwa hiyo kule," alisema mwishowe, "tulipokuwa mbele ya masanduku..."

"Picha ilikuwa imekwisha kugeuzwa."

"Uliikumbuka? Ukiwa pale?"

"Hapana. Hilo ndilo linalonitisha. Ningekuwa nimeikumbuka ningekuwa mnafiki tu. Sikuikumbuka kabisa. Niliikumbuka ulipouliza mezani, na nilipoikumbuka kitu cha kwanza nilichokitafuta ni mtu wa kumtwika."

"Na maneno yale? Kwamba umemwambia mara ngapi?"

"Sijawahi kumwambia. Hata mara moja."

Ezequiel aliinua uso wake taratibu. Jagoda aliutazama, na akauona ule mwanga ukitoka machoni, si kwa hasira, bali kama taa inavyozimwa na mtu anayehama nyumba. Alitamani Ezequiel ampige. Alitamani atukane, apate cha kujibu.

"Mama yangu amelia," Ezequiel alisema. "Amelia kwa furaha, Jagoda."

"Najua."

"Kwa nini usiniambie mezani? Ningeudhika. Ningekasirika saa nzima, labda siku mbili. Ni picha, nimeziona madukani, si mgeni nazo."

"Niliona aibu."

"Ya picha?"

"Ya wewe kuniona jinsi nilivyo. Ulikuwa umenisifu sana asubuhi."

Ezequiel aliziangalia sapatu miguuni. Kisha akasimama, na safari hii haikuwa kwa adabu ya bibi yake. "Nilimwita baba yako mtu asiye na haya. Mezani pake. Nikiwa nimevaa sapatu zake."

"Eze, mimi nitamwambia, nitamweleza kwamba..."

"Lile ni langu. Lako utajua wewe." Akaelekea mlangoni, akaanza kupanda ngazi bila kumngoja. Jagoda alimfuata, akisikia visigino vyake vikigonga saruji, na katika kila ghorofa alitaka kumshika shati na hakuthubutu.

Mietek alikuwa amekwisha kuung'oa msumari. Tundu dogo lilibaki ukutani, na chokaa kidogo sakafuni. Alipomwona Ezequiel alijiweka sawa kama mtu anayetarajia kofi.

"Mzee," Ezequiel alisema, "nilikutukana nikila chakula chako. Naomba radhi."

Mietek alimtupia binti yake jicho la haraka, la kumuuliza kama bado anahitaji kufichwa. "Aa, kijana, usijali. Mimi ndiye niliye..."

"Baba, basi." Jagoda alisimama kizingitini. "Usinibebee tena. Mimi ndiye niliyeigeuza, na yeye ameshajua. Sikuwahi kukwambia uiondoe. Wageni wa barabarani niliwaambia, wewe sikukwambia, maana hata mimi nilikuwa siioni. Nilikufanya mjinga mezani pako ili mimi nipendwe. Nisamehe, baba. Na ukishindwa, usinisamehe kwa kunionea huruma."

Bożena alikuwa ametokea mlango wa jiko, kitambaa cha vyombo begani.

Mietek aliuzungusha msumari vidoleni. "Na nani alikufundisha?" akasema polepole. "Ulikuwa na miaka minne, nikakubeba mabegani, bega likiwa zima, uifikie. Ulicheka sana." Akamgeukia Ezequiel. "Hilo ni langu, kijana. Yeye amechukua lake, hili usiniondolee. Miaka yote hiyo sikumwona yule mzee kuwa ni mtu. Niliona kama saa ya ukutani."

Ezequiel aliitikia kwa kichwa. "Babake bibi yangu aliitwa Mordka," akasema. "Alikuwa anashona kofia. Hakuwa na sarafu za kuhesabu."

Alikaa kwenye kigoda, akavua sapatu, akavaa viatu vyake, akafunga kamba bila haraka. Alimpa Mietek mkono, wa kushoto, asiliumize bega. Alimwinamia Bożena, ambaye alifungua mdomo kumwambia supu imepashwa moto, akaona afadhali aufunge.

Kwa Jagoda alisimama kidogo. Walikuwa karibu kiasi kwamba aliisikia harufu ya sabuni ya shati lake.

"Jumanne..." Jagoda alianza.

"Sijui," Ezequiel alisema. "Kweli sijui. Nikijua nitakwambia, na nitakwambia kama ilivyo."

"Sawa."

Alitoka. Hatua zake zilishuka ghorofa ya kwanza, zikageuka, zikashuka ya pili. Jagoda alikuwa bado ameshika kitasa, na maneno yalikuwa yanamjaa kinywani, mazuri, yaliyopangika, maana maneno ndiyo kazi yake. Angemkuta kabla ya kituo cha tramu. Angemweleza kuhusu mazoea, kuhusu utoto, kuhusu mji mzima unaofanya hivyo hivyo. Angelia vizuri. Pengine ingetosha.

"Unangoja nini?" Bożena alimnong'oneza, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Mkimbilie, mjinga wewe! Bado yuko ngazini!"

"Hapana, mama," Jagoda alisema. "Nikimfuata nitaanza kujitetea."

Akaufunga mlango, na akautia komeo.